Mgonjwa Anapofikia Hatua ya Mwisho: Maumivu, Mazungumzo na Utunzaji wa Nyumbani

Familia nyingi zimewahi kurudi kutoka hospitalini na ujumbe mmoja: "Daktari amesema hakuna la kufanya tena, tumrudishe nyumbani." Mara nyingi daktari alichosema ni tofauti kidogo. Alisema kwamba dawa, upasuaji au miale haiwezi tena kuuondoa ugonjwa. Hakusema kwamba maumivu hayatulizwi, kwamba kichefuchefu hakina dawa, au kwamba mgonjwa aachwe alale akitazama dari hadi siku yake ifike. Lakini maneno yakishapita kwenye simu tatu nne za jamaa, hubaki hayo tu: hakuna la kufanya. Hivyo mtu humaliza wiki zake za mwisho akiugulia maumivu ambayo dawa yake ipo, tena si ya bei ghali.

Huduma za kumsaidia mgonjwa wa aina hii zinaitwa huduma shufaa. Lengo lake ni kumpunguzia mgonjwa mateso na kuisaidia familia yake, hata pale ugonjwa wenyewe hautapona. Wanaozihitaji si wagonjwa wa saratani pekee. Wamo wenye figo zilizoshindwa kufanya kazi, moyo uliochoka, kiharusi kikali, Ukimwi uliofika mbali, na watoto waliozaliwa na maradhi yasiyo na tiba. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na leo vipo vituo vya namna hiyo sehemu mbalimbali za nchi, kikiwemo Coast Hospice mjini Mombasa, pamoja na vitengo katika hospitali kadhaa za umma. Sheria nayo imezitaja huduma hizi waziwazi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inafafanua kwamba haki hiyo inajumuisha huduma shufaa, sawa na kinga na tiba. Mkazi anayeziulizia katika hospitali ya kaunti haombi hisani.

Tena si lazima kusubiri hadi mgonjwa ashindwe kuinuka kitandani. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea. Nusu walipata matibabu ya kawaida tu, na nusu wakapata matibabu hayo pamoja na huduma shufaa tangu mwanzo. Kundi la pili lilikuwa na nafuu zaidi ya mwili na moyo, na ingawa wengi wao hawakutiwa dawa kali katika siku za mwisho, waliishi kwa wastani wa takriban miezi 11.6, wakati wenzao waliishi miezi 8.9. Wale wanaodhani kwamba kukubali huduma shufaa ni kukata tamaa wayatafakari matokeo hayo.

Maumivu yasiyosubiriwa

Daktari Mwingereza Cicely Saunders, aliyefungua kituo cha St Christopher's jijini London mwaka 1967, aliwahi kuwa muuguzi na mhudumu wa ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari. Kutokana na kuwasikiliza wagonjwa alifundisha mambo mawili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. La kwanza, maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako mwilini peke yake: yamo pia katika fikra, katika uhusiano wake na watu na katika imani yake. La pili, dawa ya maumivu makali itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, na si baada ya mgonjwa kulia.

Hili la pili ndilo linaloharibika sana nyumbani. Mgonjwa hupewa chupa ya mofini ya maji, na maelezo ni kwamba anywe kila baada ya saa 4. Jamaa wakaiweka kabatini "hadi atakapozidiwa." Maumivu yakishapanda juu, kiasi kile kile cha dawa hakitoshi tena kuyashusha, mgonjwa huteseka nusu siku, kisha watu wakasema dawa haina nguvu. Anayemtunza mgonjwa na aandike saa za dawa kwenye karatasi na kuibandika ukutani, na kengele ya simu imsaidie. Maumivu yakichomoza katikati ya saa hizo, mtaalamu aliyeandika dawa huwa ameeleza kiasi cha ziada kinachoruhusiwa. Kila mara kiandikwe, ili akija au akipigiwa simu ajue kama kipimo cha kawaida kinahitaji kuongezwa. Kipimo cha usiku nacho huweza kupangwa ili mgonjwa asiamshwe.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1986 kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa kupanda ngazi. Mwanzo ni dawa kama paracetamol, kisha codeine au nyingine za nguvu ya kadiri, na yakizidi hapo, mofini. Dawa za kupunguza uvimbe zinazonunuliwa bila maelezo kwenye duka la dawa, kama diclofenac na ibuprofen, zikimezwa kwa wiki nyingi huweza kuumiza tumbo na figo. Watu wengi huzila bila hofu yoyote, kisha wakaiogopa mofini ambayo imepimwa na mtaalamu.

Hofu ya mofini ina asili yake. Ni dawa inayosimamiwa na sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, na kwa miaka mingi ilitolewa hospitalini kwa wagonjwa waliokuwa wamebakiza siku moja au mbili. Watu waliona mtu akipewa mofini, na kesho yake akafa, wakaunganisha mambo hayo mawili. Aliyemuua ni ugonjwa. Mofini iliyoanzishwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa polepole haimuui mgonjwa, na wapo wanaoitumia kwa miezi mingi huku wakitembea na kuhudhuria ibada. Uraibu nao si tatizo la kumhangaisha mtu anayetumia dawa kwa ajili ya maumivu ya saratani. Katika nchi jirani ya Uganda, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilionyesha kwamba mofini ya unga ikichanganywa na maji huweza kutumiwa salama nyumbani, hata vijijini, na tangu mwaka 2004 sheria ya huko inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika.

Familia ijue mapema mambo yatakayotokea. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa husinzia sana, pengine kwa sababu hajalala vizuri kwa wiki nyingi, na huenda akapata kichefuchefu. Yote mawili kwa kawaida hupungua. Choo kigumu hakipungui chenyewe. Kila anayetumia mofini apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na kama hakupewa, iulizwe. Papai na maji husaidia, lakini hayachukui nafasi ya dawa. Mwenye ugonjwa wa figo lazima amwambie mtaalamu, kwa kuwa kipimo chake ni tofauti. Mgonjwa akiwa haamki akiitwa na kuguswa, na pumzi zake zimekuwa chache mno, dawa isitolewe tena kabla ya kupiga simu hospitalini.

Kuna wagonjwa wasiosema wanaumwa, hasa wazee wa kiume na akina mama waliozoea kuvumilia. Wauguzi wa huduma shufaa huwaonyesha mkono. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Hata aliyepoteza sauti huweza kujibu kwa vidole. Asiyeweza hata hivyo husomwa usoni: kukunja paji, kuguna anapogeuzwa, kukataa kuguswa mahali fulani.

Mazungumzo ambayo kila mtu anayakwepa

Katika nyumba nyingi mgonjwa anajua kwamba hatapona, lakini hasemi ili asiwahuzunishe watoto. Watoto nao wanajua, lakini hawasemi ili wasimvunje moyo mzazi. Kila upande unamlinda mwenzake, na katikati anabaki mtu mpweke mwenye maswali ambayo hana wa kumwuliza. Wageni wakija, mazungumzo ni ya mvua na siasa.

Mara nyingi mambo huanza kwenda kombo hospitalini. Daktari humwita mtoto mkubwa kando na kumweleza yeye, mgonjwa akiwa amekaa benchi la nje. Mgonjwa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuelezwa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amjulishe mgonjwa hali yake, isipokuwa pakiwa na ushahidi mkubwa kwamba kujua kutakuwa kinyume cha maslahi yake. Hata hivyo haki ya kujua si amri ya kuambiwa kila kitu. Wapo wasiotaka. Njia ya heshima ni kumwuliza: "Ungependa kuelezwa kila kitu, au kuna mtu ungependa aelezwe kwa niaba yako?" Akimtaja bintiye wa pili na si kifungua mimba, basi ni huyo.

Nyumbani, anayetaka kuanza mazungumzo haya asianze na kifo. Aanze na anachokijua mgonjwa mwenyewe. Chukua mfano wa mzee mwenye saratani ya tezi dume iliyoingia kwenye mifupa, ambaye bintiye ndiye anayemwogesha na kumlisha:

"Baba, daktari alipozungumza nawe juzi, ulimwelewa vipi?"

"Nilimwelewa, mwanangu. Dawa zimeshindwa."

Hapa ndipo wengi huvunja daraja kwa kusema, "Usiseme hivyo Baba, utapona tu." Maneno hayo yanatoka kwa upendo, lakini mzee huyasikia kama amri ya kunyamaza. Binti huyu akinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wewe Baba, ukilala hapa, ni jambo gani linalokusumbua zaidi?" huenda akapata jibu ambalo hakulitarajia:

"Kufa si neno. Kila mtu ana siku yake. Kinachoninyima usingizi ni kile kipande nilichompa mdogo wako kule bondeni. Hakina karatasi. Nikiondoka, ami zako watamfukuza."

Jambo kama hilo lina ufumbuzi, na pengine linamtesa kuliko mifupa. Wengine hutaja deni la dukani, mtoto waliyegombana naye yuko Nairobi hajapiga simu miaka mitano, mjukuu ambaye karo yake haina mwenyewe, au hofu rahisi tu: je, nitakosa pumzi? Nitazikwa wapi? Nani atakuwa nami usiku? Nusu ya hofu hizi hupungua kwa kusemwa, na nusu nyingine zinahitaji mtu wa kuzishughulikia angali mwenyewe yupo wa kuulizwa.

Mgonjwa akiuliza moja kwa moja, "Je, ninakufa?" asidanganywe, wala asirushiwe jibu kama jiwe. Mtu anaweza kumrudishia swali kwa upole, "Baba, ni kitu gani kimekufanya uulize?" na kumsikiliza. Kisha akasema ukweli kwa maneno mepesi: ugonjwa umeendelea, madaktari hawatarajii uondoke, siku hazijulikani, lakini maumivu yatashughulikiwa na hataachwa peke yake. Ahadi mbili hizo za mwisho zitolewe tu na familia iliyo tayari kuzitimiza. Kulia pamoja si kosa.

Upande wa hospitali, kabla familia haijakubali kupelekwa mbali kwa matibabu mapya, kuna swali moja linalostahili kuulizwa waziwazi: "Matibabu haya yanatarajiwa kumponya, kumwongezea muda, au kumpunguzia maumivu? Na yatamchukulia nini?" Yapo mashamba yaliyouzwa na harambee zilizochangwa kwa ajili ya safari ambayo tangu mwanzo daktari hakuitarajia kuponya, ila hakuna aliyemwuliza. Familia ikijua jibu na bado ikaamua kwenda, imeamua kwa macho wazi, na uamuzi huo ni wa mgonjwa kwanza.

Kuhusu imani, mgonjwa aulizwe anamtaka nani: imamu, padri, mchungaji, au rafiki wa zamani wa kumsomea. Wengine huhitaji kuomba msamaha au kusamehe kuliko wanavyohitaji kidonge. Maombi na dawa huenda pamoja. Mtu anayemwamuru mgonjwa aache mofini ili kuthibitisha imani yake anamwongezea mateso, na familia ina kila sababu ya kumkatalia kwa adabu.

Watoto wa nyumbani nao huona kila kitu. Kuwaambia kwamba bibi "amesafiri" huwaacha wakimngoja, na kuwaambia "amelala" huweza kuwafanya waogope kulala. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa kwamba bibi ni mgonjwa sana, kwamba mwili wake utaacha kufanya kazi, na kwamba si kwa sababu mtoto alifanya utundu. Aruhusiwe kuingia, kuketi, kumletea maji, na akitaka kutoka, atoke.

Mwili: kula, kinywa, ngozi na pumzi

Ugomvi mkubwa kando ya kitanda huwa juu ya chakula. Mgonjwa hukataa uji, na anayemtunza huambiwa kwamba anamwua kwa njaa. Katika hatua ya mwisho mwili hauwezi tena kukitumia chakula kama zamani, na kukosa hamu ya kula ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kumlazimisha huleta kutapika, kupaliwa na chakula kuingia mapafuni. Apewe anachokitaka, kwa kiasi anachokitaka: vijiko viwili vya mchuzi, kipande cha embe, dafu kidogo. Awe ameinuliwa anapokunywa, na akishindwa kumeza asipewe kitu kinywani. Dripu nayo mara nyingi haimsaidii mtu anayekaribia kufa. Maji ya ziada huweza kumvimbisha miguu na kumjaza kifua. Daktari akisema haina haja, hajamtelekeza mgonjwa.

Kinywa kikavu ndicho kinachomsumbua zaidi ya kiu. Kisafishwe mara kadhaa kwa siku kwa kitambaa laini kilichochovywa kwenye maji safi yenye chumvi kidogo, na midomo ipakwe mafuta. Utando mweupe ulimini au mashavuni kwa kawaida ni ukungu, nao una dawa zahanati.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi mchana, na usiku kadiri inavyowezekana. Mito, au leso zilizokunjwa, ziwekwe kati ya magoti na chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Shuka lisiwe na mikunjo wala unyevu, na chini yake utandikwe nailoni. Ngozi ikibadilika rangi juu ya mfupa, isisuguliwe. Ulazwe upande mwingine na muuguzi aonyeshwe.

Harufu ya kidonda ni jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona tu, ingawa hakuna linalomtenga mgonjwa zaidi yake. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi au ya titi hutambua mara moja mgeni anapoziba pua au kusogeza kiti. Baadhi yao hukataa wajukuu wasiingie chumbani. Harufu hiyo hutokana na bakteria katika nyama iliyokufa, na ina tiba rahisi. Baada ya kidonda kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo, vidonge vya metronidazole vilivyosagwa hunyunyizwa juu yake kisha kikafungwa kwa kitambaa safi. Muuguzi ndiye wa kuelekeza kiasi na namna. Kwa wagonjwa wengi harufu hupungua ndani ya siku chache, na chumba hufunguliwa tena kwa watu.

Anayekosa pumzi huogopa, na hofu humwongezea kukosa pumzi. Aketishwe akiegemea mito, madirisha yafunguliwe, watu waliojaa chumbani watoke, na mtu mmoja ampepee usoni polepole kwa kipepeo au feni. Mofini kwa kipimo kidogo husaidia hapa pia, kwa maelekezo ya daktari.

Siku na saa za mwisho

Mgonjwa hulala zaidi ya anavyokuwa macho. Mikono na miguu hupoa, mkojo hupungua na kuwa mzito. Huenda akawaita watu waliokwisha kufa au kuvuta shuka. Pumzi huja kwa kasi, husita hata kwa nusu dakika, kisha zikarudi. Mate yaliyokusanyika kooni huweza kutoa sauti ya kukoroma inayowatisha walio karibu kuliko inavyomuumiza yeye. Kumlaza ubavu hupunguza sauti hiyo.

Dalili hizi zikija kwa mtu ambaye ugonjwa wake umejulikana kwa muda mrefu, si ajali ya ghafla. Familia isiyozitambua hukodi gari usiku wa manane, na mgonjwa hufia barabarani au kwenye korido ya hospitali akiwa amezungukwa na asiowajua. Kama mwenyewe alisema anataka kufia nyumbani, na maumivu yake yametulizwa, anaweza kubaki. Kama maumivu au hangaiko limeshinda dawa zilizopo, simu ipigwe au apelekwe; kwenda hospitali kutafuta nafuu si kuvunja ahadi.

Aendelee kuzungumziwa hata asipojibu, kwa kuwa huenda bado anasikia. Wasihesabiane gharama za mazishi juu ya kitanda chake. Mwislamu hulakiniwa shahada kwa sauti ya chini. Mkristo husomewa na kuombewa. Asiyetaka lolote kati ya hayo ashikwe mkono tu.

Wosia, ardhi na karatasi za serikali

Mzee wa ule mfano aliyehofia shamba la bondeni hahitaji wakili wa bei kubwa. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia, akautia saini au alama mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao wakautia saini. Ni vyema mashahidi wasiwe miongoni mwa watakaorithi, la sivyo zawadi yao huweza kubatilika. Wosia wa mdomo nao unakubalika ukitolewa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini unakuwa na nguvu endapo aliyeutoa atafariki ndani ya miezi 3. Urithi wa Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu, ambapo wasia hauzidi thuluthi ya mali, na mashauri yake husikizwa katika mahakama ya Kadhi. Ufanywe mapema, mgonjwa angali anazungumza vizuri. Wosia ulioandikwa siku mofini inapopandishwa na ndugu wakiwa wamegawanyika huishia mahakamani.

Kifo kilichotokea nyumbani kwa ugonjwa huripotiwa kwa naibu wa chifu wa eneo, ambaye ndiye wakala wa usajili, naye hutoa kibali cha mazishi. Familia inayotarajia kuzika siku hiyo hiyo iwe na nambari yake ya simu mapema, pamoja na kitambulisho cha marehemu na karatasi za hospitali. Usajili ukamilishwe ndani ya miezi 6. Bila cheti cha kifo, benki, pensheni na ardhi havisongi.

Katika yote hayo kuna mtu mmoja, mara nyingi binti, mke au mke wa mtoto, ambaye hajalala usiku mzima tangu mgonjwa arudi. Jamaa walioko mbali hutuma ushauri mwingi kuliko pesa, na wakifika hukagua kama shuka ni safi. Apangiwe zamu kwa majina na siku, hata kama ni jirani wa kukaa saa tatu ili yeye aoge na kulala. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji ajulishwe mapema, kwa sababu ndiye kiungo cha karibu zaidi na zahanati na muuguzi wa huduma shufaa.

Mofini ikibaki baada ya mgonjwa kufariki, isimwagwe chooni wala asipewe jirani anayeumwa na mgongo. Irudishwe na chupa yake katika hospitali iliyoitoa.